Gombesa yuhai, jarife linamngoja

Wataalamu walikuwa wameshamzika silikanti, ati alikwisha pamoja na madinosaria miaka milioni 66 nyuma. Desemba 1938 akatoka kwenye wavu Afrika Kusini, na Bi Marjorie Courtenay-Latimer, mtunza makumbusho ya East London, akaona kuwa huyu si samaki wa kawaida. Wa pili alipatikana Komoro mwaka 1952. Wavuvi wa kule hawakushangaa; wao wakimjua siku zote, wakimwita gombesa.

Tanzania alianza kunaswa 2003, na Tanga ndiko alikonaswa kwa wingi. Mwaka 2009 ikatengwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Vizuri. Lakini anayemuua ni jarife, linalotegwa kina kirefu kwa ajili ya papa. Mvuvi wala hamtaki gombesa, huja tu na wavu. Na huyu hazai kama dagaa: utafiti wa 2021 unakadiria mimba yake huchukua miaka mitano.

Hapa ndipo tunapoingia sisi tulioko Maskati na Dubai. Wengi wetu tuna jamaa mwambao anayeomba pesa za nyavu, na tunatuma bila kuuliza. Jamani, tuulize ni wavu gani. Kama ni jarife la kina kirefu, tusimkatie ndugu yetu, ana watoto wa kulisha. Pesa ile ile inunue mashine ya boti na mishipi ya kuvulia nguru na jodari juu juu.