Daftari la wiki: Mikwaruzano ya Katavi

Neno. Bati likiburutwa juu ya saruji linakwaruza. Redio isiyoshika mawimbi inakwaruza. Na ndugu walionuniana baada ya kugawana shamba la marehemu baba yao, tunasema wana mikwaruzano. Mgogoro ni neno lenye faili na mihuri. Mikwaruzano bado haijafika polisi. Halafu neno lenyewe halimbebeshi mzigo mtu mmoja: wanaokwaruzana ni lazima wawe wawili, tena wamebanana.

Mtoni. Anayetaka kuona kubanana huko aende Hifadhi ya Taifa ya Katavi mwishoni mwa kiangazi. Hifadhi ina kilomita za mraba 4,471, lakini mto Katuma ukikauka, viboko kwa mamia hujazana kwenye madimbwi ya tope. Madume wanapanua midomo, meno yanagongana, migongo imejaa makovu mekundu. Masika viboko hao hao hutawanyika na makelele hupungua. Tabia yao haijabadilika. Maji ndiyo yameongezeka.

Shambani. Katuma huo huo, kabla ya kuingia hifadhini, unapita kwenye mpunga wa Mpanda, upande wa Mwamkulu na Kakese. Mkulima analalamika kwamba ng'ombe wamekula mpunga wake. Mfugaji anajibu kwamba mapito ya mifugo kwenda mtoni yamelimwa, sasa ng'ombe wapite wapi? Ukiwasikiliza bila haraka, kila mmoja ana ukweli wake. Na walio upande wa chini wa mto wanawalaumu wote wawili.

Barazani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeweka baraza la usuluhishi la watu saba, wakiwemo wanawake watatu. Ni chombo kizuri: wazee wanawajua wahusika, fidia inakubaliwa, mikono inapeanwa. Ila baraza hupatanisha watu, haliongezi maji. Kiangazi kinachofuata wale wale wanarudi kwenye benchi lile lile, na sisi tunasema wana roho mbaya.

Kabatini. Wahenga walisema vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana. Methali hii tumeifanya dawa ya kuvumiliana, na ni sawa. Lakini fundi angeanza kwa kulitazama kabati lililovibana.

Ombi. Kwa wenyeviti wa vijiji na jumuiya za watumia maji: zamu za kumwagilia na mapito ya mifugo vipangwe mwezi wa nne, mto ukiwa umejaa na watu wakiwa na subira. Vikiachwa mpaka mwezi wa tisa, kitakachobaki ni kuuliza nani alianza, na swali hilo halijawahi kunywesha ng'ombe wala kuotesha mpunga.