Sandoa: majina ya waliokimbia yasilale wazi kwenye mtandao wa nyumbani

Familia iliyokimbia makao yake ikifika Sandoa, inaulizwa mambo machache: jina la baba au mama, hesabu ya watoto, kijiji ilikotoka, namba ya simu. Yote yanaandikwa kwenye fishi, kisha yanaingia katika kompyuta ya ofisi. Jioni, kompyuta hiyo inaenda nyumbani pamoja na mfanyakazi.

Hapo ndipo shida inapoanza. Ofisini umeme umekatika na orodha inatakiwa kesho asubuhi kabla ya ugawaji wa chakula. Nyumbani kuna mashine ya kuchapa na simu inayotoa intaneti. Ili kazi iende mbio, mfanyakazi anaruhusu mafaili yaonekane kwenye mtandao wa nyumba. Kuanzia hapo, shemeji, mtoto wa shule au jirani aliyepewa neno la siri la Wi-Fi anaweza kufungua orodha nzima. Hakuna aliyevunja mlango, uliachwa wazi.

Wako watakaosema Sandoa ni mbali, nani atafuata majina huku? Lakini mwenye kushika orodha ile anaweza kupigia familia simu, akajiita mtu wa shirika na kuomba pesa ili jina lao lisifutwe. Na kwa mama aliyemkimbia mtu mwenye silaha, kujulikana anapolala ni hatari kubwa kuliko njaa.

Hata wakubwa wamepatwa. Mwezi wa kwanza 2022, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wavamizi wa mtandao walifikia habari za watu zaidi ya 515,000, wakiwemo watu waliotengana na jamaa zao kwa vita, safari au maafa. Mwaka wa 2017, kirusi cha WannaCry kilipita katika njia ileile ambayo kompyuta za Windows zinatumia kugawana mafaili, kikaingia nchi karibu 150. Kompyuta zilizokuwa hazijapata marekebisho ya Windows ziliambukizana zenyewe kwa zenyewe.

Hata hivyo, kukataza kazi ya nyumbani si jawabu. Orodha isipochapwa, familia haipati unga. Kinachotakiwa ni kutenganisha mashine na mafaili: mashine ya kuchapa inaweza kutumiwa na wote, folda ya kazi haipaswi.

Njia ya kwanza ni waya wa USB kutoka kompyuta hadi mashine. Hapo mtandao hauhitajiki kabisa. Kama hakuna waya, kompyuta ikiuliza aina ya mtandao, ichaguliwe « Public », si « Privé », ili isionekane na kompyuta nyingine. Folda ya majina isipewe kamwe ruhusa ya « Tout le monde ». Kompyuta iwe na neno la siri ambalo watoto hawalijui. Na karatasi zilizoharibika zichomwe. Zisifungiwe karanga sokoni.

Mzigo huu usiachiwe mfanyakazi mdogo peke yake. Mkuu wa ofisi anayemtuma mtu nyumbani na majina ya mamia ya watu, bila waya wala maelezo, ndiye wa kwanza kuulizwa. Sheria pia ipo: Code du numérique ya Kongo, iliyotiwa sahihi tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, inalinda habari za mtu binafsi. Mkimbizi ni mtu kama wengine mbele ya sheria hiyo.

Familia nazo zina haki ya kuuliza wakati wa kuandikishwa: majina yetu yanawekwa wapi, na nani anayaona? Anayeuliza hivyo si mkaidi. Alipoteza nyumba na shamba. Jina lake ni mali aliyobaki nayo, na aliyelipokea anapaswa kulitunza.