Acheni Kuniaga kwa Bendera

Washairi wenzangu, nina shauri nanyi, na shauri lenyewe ni zito kuliko linavyoonekana. Mwezi ujao naondoka Tanga kwenda Ujerumani kwa mkataba wa kazi wa miaka mitatu. Tangu habari hiyo ienee nimeletewa tungo saba za kuniaga, nne kwa simu na tatu kwa karatasi. Nimezipokea kwa adabu, na walioziandika nawashukuru kwa nia yao njema. Lakini nimezisoma zote saba, mara mbili mbili, nami nasema wazi kwamba hakuna hata moja inayoniaga mimi. Zote zinaiaga nchi kwa niaba yangu.

Ndani yake mna bendera mara tano, mlima Kilimanjaro mara nne, machozi ya mama mara sita, na mnazi unaopunga upepo katika kila utungo. Mama yangu hakulia. Aliniuliza kama huko niendako kuna mahali pa kuanika nguo. Kilimanjaro nimeuona kupitia dirisha la basi, siku isiyo na mawingu, kisha nikaendelea na safari yangu. Sina ugomvi na mlima wala na bendera. Ugomvi wangu ni na mazoea yetu ya utunzi, ya kudhani kwamba mtu anapohama, anachokiacha ni vile vile vinavyochorwa kwenye stempu na kalenda.

Hoja yangu ni hii. Anachokiacha mtu ni raha ndogo ndogo za nyumbani kwake, na raha hizo zina majina. Mshairi anayeyapita majina hayo na kukimbilia maneno makubwa anamwacha msafiri aende mikono mitupu, na papo hapo anaiacha lugha ipoteze mali yake huku yeye akiitazama.

Tuanze na huo mnazi. Mswahili hakuridhika kuuita mnazi kisha akanyamaza. Tunda lake amelifuata hatua kwa hatua: kidaka likiwa bado changa kabisa, kitale likianza kukua, dafu likiwa na maji matamu na nyama laini, koroma likikaribia kukomaa, na mwisho nazi. Nazi ikivunjwa hukunwa kwa mbuzi. Ikishakunwa hukamuliwa kwa kifumbu au kung'uto. Tui zito la kwanza huwekwa kando likasubiri kutiwa mwisho, na tui jepesi likatangulia chunguni. Kinachobaki ni chicha. Kifuu kikatoa upawa na kata, makumbi yakasokotwa kamba, makuti yakaezeka nyumba. Hayo ni maneno yasiyopungua 15 kwa mti mmoja, na kila neno lina sauti yake, harufu yake na mtu wake ndani ya nyumba. Mshairi wetu anayaacha yote, anausimamisha mnazi ufukweni kama askari wa gwaride, kisha anauamuru upunge upepo. Je, huo ni utajiri wa lugha au ufukara?

Mkitaka kujua ninachokiacha, mngeniuliza. Naacha kahawa ya jioni barazani, pale Ngamiani, ambayo huijua kabla sijaiona kwa mlio wa vikombe vidogo anavyovigonganisha muuzaji mkononi, na kashata ya njugu inayomegwa ili uchungu wa kahawa upate mwenzake. Naacha maji ya mtungi, yenye ule ubaridi wa udongo usiouma meno. Naacha mahamri kwa mbaazi za nazi asubuhi ya siku isiyo na kazi. Naacha embe bichi lililokatwa vipande na kutiwa chumvi na pilipili, ambalo hulinunua njiani na kulimaliza kabla sijafika niendako. Naacha kujinyoosha juu ya mkeka baada ya chakula cha mchana, dirisha likiwa wazi, redio ya jirani ikisikika bila ya kusikilizwa. Naacha harufu ya udi iliyobaki katika kanzu iliyofukizwa jana. Naacha mvua ya masika juu ya bati, ile inayomlazimisha msemaji akatize maneno yake, na watu wote wakakaa kimya bila ya kuoneana haya.

Naacha pia kero zake: umeme unaokatika mtu akiwa ameshika pasi, mbu, na jogoo wa nyumba ya pili asiyejua saa. Kero hizo nazo ni zangu, na mshairi hodari angezitia humo humo.

Nitajibiwa kwamba ushairi ni wa mambo mazito, na kwamba kahawa na mbaazi ni mazungumzo ya barazani. Anayesema hivyo hajawasoma waliomtangulia. Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir juu ya kuanguka kwa Pate, ni miongoni mwa tungo nzito kuliko zote tulizo nazo. Mbona basi maangamizi ya mji yanaonyeshwa kwa vitu vya nyumbani? Mna taa zilizokuwa zikiwaka, na mna vidaka vya ukutani vilivyopangwa vyombo vya kauri, ambamo sasa ndege wa mwituni wanalea makinda yao. Mshairi yule alijua kwamba msomaji hawezi kuulilia mji mzima kwa mara moja, lakini anaweza kukililia kidaka kimoja kilichokuwa na sahani.

Tena yuko Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, ambaye husifiwa hadi leo kwa kulitoa shairi msikitini na kulipeleka sokoni. Sisi tumelitoa sokoni na kulipeleka jukwaa la sherehe, nalo halijashuka tangu hapo.

Wako pia watakaosema, kwa sauti ya chini, kwamba hayo ni mambo ya jikoni, yaani ya wanawake. Hao ningependa waseme kwa sauti ya juu ili wasikike. Mwana Kupona alipomtungia bintiye utenzi mwaka 1858, alianza na dini, kisha hakuona aibu kuingia ndani ya nyumba: usafi, mapambo, manukato, hata namna ya kumpepea mume aliyelala. Unaweza usikubaliane na mafunzo yake yote, lakini huwezi kukana kwamba nyumba unaiona. Katika tungo zangu saba nyumba haionekani hata mlango.

Hoja ya tatu ni ya wenye busara zaidi. Wananiambia: maneno hayo ni ya Pwani, msomaji wa Bara hayajui, na shairi linapaswa kumfikia kila Mswahili. Nakubali nusu ya hoja. Sitaki mtu wa Bukoba aandike juu ya kifumbu asichokijua. Aandike senene. Wa Kigoma aandike mgebuka, wa Moshi aandike mtori, wa Lubumbashi aandike bukari kama waiitavyo kwao. Kiswahili kinachomfikia kila mtu kwa kutotaja kitu chochote ni kama barua isiyo na jina la mpelekewa: itafika kila mahali, na hakuna atakayeifungua. Msomaji akikuta neno asilolijua ndani ya ubeti mzuri atauliza maana yake, na huko kuuliza ndiko kujifunza lugha.

Hoja ya nne ndiyo iliyo karibu kunishinda. Rafiki yangu aliyekwisha kuishi huko aliniambia: "Usiwe na wasiwasi, ndugu yangu, tui lipo madukani, la kopo, tena zito." Ni kweli, nami nitalinunua. Lakini ona lililotokea ndani ya lile kopo. Mbuzi haimo, kifumbu hakimo, chicha haimo, tui la kwanza na la pili hayamo. Kazi yenye maneno matano imekuwa kazi yenye maneno mawili, nayo ni kufungua kopo. Na tusijidanganye kwamba anayeondoka ni mimi peke yangu. Hapa hapa Tanga nazi inakunwa kwa mashine sokoni, au inasagwa kwa blenda nyumbani, na tui la pakiti limejaa rafu za maduka. Siilaani blenda, imempunguzia mama yangu maumivu ya mgongo. Nasema tu kwamba vitu vinahama hata pale watu wasipohama, na kazi ya mshairi ni kuyaandika majina kabla vyenyewe havijatoka mlangoni.

Nitatoa ushahidi wa ninayoyasema. Mwaka juzi mpwa wangu, aliyezaliwa na kukulia ugenini, alikuja kwetu kwa likizo. Ni binti mwerevu, na maneno kama uhuru, utamaduni na urithi anayasema bila ya kukwama, maana ndiyo anayofundishwa. Alipowaona watoto wenzake wakigombea ukoko, aliuliza kwa nini wanagombea wali ulioungua. Dada yangu, kwa kutaka mazungumzo yaishe, akamjibu kwamba ndivyo ulivyo, ni wali ulioungua. Ukoko si wali ulioungua. Wali ulioungua hutupwa, na mpishi akaona haya. Ukoko hubanduliwa chini ya sufuria kwa upole, ukagawanywa kwa haki, na mpishi stadi huupata kwa makusudi, kwa kutia makaa juu ya mfuniko na kupunguza moto wa chini. Umbali kati ya maneno hayo mawili ni umbali kati ya kosa na zawadi. Binti yule ameondoka na kosa. Tumempa uhuru na urithi, tukamnyima ukoko, kisha tunashangaa kwamba Kiswahili chake kimekauka kama hotuba.

Msinijibu kwamba kamusi ipo. Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA, iliyotoka mwaka 2015, naiheshimu na iko mezani kwangu. Lakini kamusi huhifadhi maana ya neno. Haihifadhi nani alipewa kipande kikubwa na nani akanuna. Hilo ni la mshairi, na mshairi yuko mlimani na bendera yake.

Ili nisionekane mlalamishi asiyeshika kalamu, nitaweka mizani mbele yenu. Huu hapa ubeti nilioutunga kwa dakika chache, kwa kuufuata mwendo wa zile tungo saba:

Waondoka ugenini, waiacha nchi yako,
Usisahau nyumbani, walipo wahenga wako,
Ushike yetu imani, mila na lugha ni zako,
Urudi tena mwakani, Mola awe nawe huko.

Vina vimekaa, mizani 16 zimetimia, kosa la arudhi halimo. Lakini mpeni ubeti huo mwanafunzi anayekwenda India, mpeni baharia, mpeni balozi. Utawaenea wote watatu. Nguo inayomwenea kila mtu haikupimwa kwa mwili wa yeyote. Huu mwingine ni wangu mwenyewe, nami siudai kuwa ni bora, ila nadai kwamba una mwenyewe:

Ilipokuja kahawa, vikombe vikagongana,
Kashata ikagawiwa, kipande kwa kila mwana,
Kawa ikafunuliwa, mbaazi zenye kunona,
Hayo ninayachukuwa, mengine mtagawana.

Waliokuwa barazani siku ile wataujua. Wasiokuwapo watajua angalau kwamba palikuwa na baraza, na kwamba chakula kilifunikwa kwa kawa. Na kijana asiyejua kawa ni nini, akiuliza, ataambiwa kwamba ni kifuniko cha chakula kilichosukwa kwa ukindu, na kwamba bibi yake alikuwa nayo.

Napendekeza kanuni moja, nayo ni nyepesi. Kabla ya kumtungia mtu utungo wa kumuaga, kaa naye umwulize: asubuhi unakunywa nini, unakaa wapi jua likitua, ni sauti gani ya nyumba hii utakayoamka ukiitafuta, ni chakula gani unachokila kwa mkono tu kwa sababu kijiko hukiharibu? Andika majina aliyoyataja kama alivyoyatamka. Ukisha kumaliza, jiulize kama utungo huo unaweza kumuaga mtu mwingine. Ukiweza, uchane.

Kila tarehe 7 Julai, tangu UNESCO iipe lugha yetu siku yake, tunapanda majukwaani kukitukuza Kiswahili, na nusu ya beti zetu husema tu kwamba Kiswahili ni kitamu. Utamu wake uko wapi, ikiwa hatutaji tunachokila? Tiketi yangu inaniruhusu mzigo wa kilo 23. Mtungi hautaingia, wala mkeka, wala baraza, na sikutegemea viingie. Nilitegemea majina yake yaje kwenu yakiwa yamefungwa vizuri ndani ya beti, nami niyabebe kichwani, ambako hakuna anayepima uzito.

Bado nina wiki nne. Aliye na hoja na aijibu hoja yangu kwa hoja. Aliye na ubeti na aujibu ubeti wangu kwa ubeti, kama walivyokuwa wakijibizana wazee wetu. Atakayeniandikia tena juu ya mnazi, namkaribisha, kwa sharti moja: aniambie kwanza lile tunda lililo juu ni kitale, ni dafu au ni koroma.