Kodi ya Miezi Sita

Mimi niliishia kidato cha nne. Riwaya yangu naiandikia chumba cha kupanga Changanyikeni. Lakini asiniambie mtu kuwa wanafunzi wa Mlimani wanadeka! Mabweni ya Magufuli yalifunguliwa mwaka 2017: majengo 20, wanafunzi 3,840. Vizuri. Je, waliobaki? Wanabebana, wawili kitanda kimoja, au wanakuja huku mtaani, ambako mwenye nyumba anadai kodi ya miezi sita mkononi. Na bumu lenyewe linatoka kwa mafungu! Wakijikamua wakalipa, kodi inapanda, sisi tusio na bumu tunahama. Vijana wenzangu, tusigombane na mwanafunzi. Tudai sheria: kodi ilipwe mwezi kwa mwezi, basi!