Geuza Jani Kabla ya Kubeba Bomba

Na Mwanaidi Shomari

Kuanzia Bunju hadi Toangoma, mkulima wa mboga akiona kidudu kinatambaa kwenye jani hukimbilia bomba la mgongoni. Simlaumu, maana matuta hayo ndiyo ada ya mtoto. Lakini dawa isiyojua inamfuata nani huwaua na wanaomlinda. Tena mchicha huo unaweza kufika sokoni kabla siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa hazijaisha.

Chukua jani la bamia lenye vidukari, uligeuze. Huenda ukakuta vijiyai vya manjano vimesimama wima, vimebanana. Karibu navyo anatembea mdudu mweusi, miguu sita, madoa ya rangi ya chungwa, mgongo wa miiba kama mamba mdogo. Anatisha, na wengi humponda papo hapo. Huyo ni mtoto wa mdudu kibibi, yule wa mviringo, mwekundu mwenye madoa meusi, na chakula chake ni hao hao vidukari. Mtazame kwa utulivu: anamkamata mmoja, anamtafuna, anamfuata mwingine.

Na lile povu la kahawia lililokaukia kwenye kijiti cha uzio ni mayai ya vunjajungu. Vunjajungu hachagui, hata nyuki anamla, ila mmea haugusi. Usilibandue.

Kwenye mahindi mambo ni mengine. Viwavijeshi vamizi walithibitika Afrika mwaka 2016, na 2017 wakawa wameshaingia Tanzania. Nondo wao hutaga mayai kwa mafungu na kuyafunika kwa manyoya yake. Kiwavi akikua, kichwani ana alama ya Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia madoa manne meusi yaliyokaa kimraba. Fungu la mayai likionekana mapema linapondwa kwa vidole, bila gharama. Kiwavi akishazama kwenye moyo wa mhindi, dawa ya juu juu haimfikii.

Sheria ya mwaka 2020 imetupa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na maafisa ugani wapo. Basi picha za mayai na watoto wa wadudu hawa zibandikwe katika kila duka la pembejeo, na muuzaji aulize, "Umemwona mdudu gani?" kabla hajashusha chupa. Afisa ugani naye ashuke shambani alfajiri, wakati wakulima wanamwagilia, ageuze majani pamoja nao.