Asali ya nyuki wadogo ipimwe kwanza, sifa zifuate

Ndugu msomaji, huenda nawe umewahi kusimama sokoni, Bariadi mjini au Lamadi, ukaoneshwa chupa mbili za asali. Moja ni ya nyuki wakubwa wanaouma. Nyingine ni nyepesi, ina uchachu kidogo, nayo ni ya nyuki wadogo wasiouma. Ya pili bei yake iko juu, na muuzaji anakuapia kwamba inatibu kisukari, presha, vidonda vya tumbo na hata saratani. Je, unapotoa fedha yako unanunua asali au unanunua maneno?

Sisi Waislamu hatuna shaka juu ya kheri iliyomo katika asali. Suratun Nahl, aya ya 69, inaeleza kuwa kinywaji hicho kina rangi mbalimbali na kwamba ndani yake mna ponyo kwa watu. Ni vema ikaeleweka, hata hivyo, kwamba aya hiyo haikumpa mfanyabiashara ruhusa ya kubandika kila ugonjwa kwenye chupa yake. Rangi kuwa mbalimbali ni dalili kwamba asali si moja, na kisicho kimoja hupimwa ili kijulikane.

Upimaji wenyewe hauna uchawi. Moja ya sifa zinazotafutwa ni antioksidanti, yaani viini vinavyopunguza makali ya chembe haribifu zinazojitokeza mwilini. Viini hivi, hasa vile vya jamii ya fenoli, hutoka kwa sehemu kubwa kwenye mimea ambayo nyuki amechuma. Maabara huyeyusha asali na kuichanganya na kemikali ya zambarau iitwayo DPPH. Kadiri antioksidanti zinavyokuwa nyingi, ndivyo zambarau inavyofifia na kuelekea manjano, na mashine ya kupima mwanga husoma tofauti hiyo kwa tarakimu.

Watafiti hapa nchini wamelinganisha asali za nyuki hawa wawili. Kwa ujumla, hapa kwetu na katika nchi nyingine, asali ya nyuki wadogo mara nyingi huonekana kuwa na nguvu zaidi katika kipimo hiki. Lakini matokeo hutofautiana kwa aina ya nyuki, kwa mimea na kwa msimu. Asali ya migunga ya Meatu haitarajiwi kulingana na ya miombo ya Tabora, hata kama nyuki ni wa aina moja.

Aidha, tarakimu kubwa peke yake inaweza kudanganya. Asali iliyochemshwa sana huwa nyeusi, na kipimo cha antioksidanti kinaweza kupanda kwa sababu sukari imeungua na kuzaa viini vipya, si kwa sababu ubora umeongezeka. Ndiyo maana hupimwa pia kiini kiitwacho HMF, ambacho huongezeka asali inapopata moto au kukaa muda mrefu. Viwango vya kimataifa vya Codex vinataka kisizidi miligramu 40 kwa kilo, au 80 kwa asali ya nchi za joto kama yetu. Kwa hiyo anayekuambia "nyeusi ndiyo dawa" amekupa nusu ya habari.

Upande wa pili nao upo. Viwango hivyo vya Codex vilitungwa kwa asali ya nyuki wakubwa, na vinataka maji yasizidi asilimia 20. Asali ya nyuki wadogo kwa maumbile yake ina maji zaidi, hivyo mfugaji mkweli anaweza kuonekana ameghushi. Malaysia waliliona tatizo hili, na mwaka 2017 wakaweka kiwango maalumu cha asali ya nyuki wasiouma. Na sisi tusimhukumu nyuki mdogo kwa mizani ya mkubwa.

Hivyo basi, rai yetu ni hii. Maofisa nyuki wa wilaya za Simiyu wawasaidie wafugaji kupeleka sampuli maabara, na chupa iandikwe aina ya nyuki, kijiji na mwezi wa kurina. Mfugaji asiyechanganya sukari guru atalipwa haki yake. Warinaji waache kukata mti mzima kwa ajili ya vikombe vichache vya asali, kwani mwakani hakutakuwa na mti wala nyuki. Wakulima wa pamba nao wanyunyizie dawa jioni, nyuki wakisharejea mizingani.

Nawe ndugu msomaji, kumbuka kwamba kufifisha rangi ndani ya chupa ya maabara si sawa na kuponya mgonjwa. Mwenye kisukari asiache dawa zake kwa sababu ya asali, maana asali ya nyuki yeyote bado ni sukari. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, kwani inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu vinavyolegeza misuli na hata kuua. Kuihifadhi neema ni pamoja na kuisemea ukweli.