BARAZA LA MWALIMU: Mtoto Aliyetaka Kujenga Daraja



Mwezi uliopita, baada ya darasa la Jumamosi la watoto wetu, alitujia mama mmoja ameshika daftari la hesabu la mwanawe. Kila pembe ya kurasa zake ilijaa michoro: majani, mashua, konokono. "Mwalimu," alituambia, "huyu tumrudishe nyumbani kwa bibi yake akanyooke. Huku ataharibika." Tulimwomba atupe muda wa kufikiri. Jibu letu ndilo hili, na tumeona vyema tuliandike hapa kwa kuwa swali hilo si lake peke yake.

Watoto wetu wengi wanaosoma shule za huku wanakijua kitabu kiitwacho The Very Hungry Caterpillar, kisa cha kiwavi mdogo anayetoboa matunda, na kurasa zenyewe, mpaka akageuka kipepeo. Kilitoka mwaka 1969 na kimefasiriwa kwa lugha zaidi ya 60. Mtunzi na mchoraji wake, Eric Carle, alifariki mwaka 2021 akiwa na umri wa miaka 91. Lisilojulikana na wengi ni kwamba naye alikuwa mtoto wa wahamiaji, tena mtoto aliyerudishwa "nyumbani" asikokujua.

Alizaliwa mwaka 1929 huko Syracuse, katika jimbo la New York, Marekani, kwa wazazi waliotoka Ujerumani. Darasa lake la kwanza lilikuwa na mwanga wa jua, karatasi kubwa, rangi nzuri na brashi nene. Siku moja mwalimu alimwita mama yake shuleni. Sote twajua hofu anayokwenda nayo mzazi akiitwa shuleni. Kumbe mama huyu aliitwa aambiwe kwamba mwanawe ana kipaji cha kuchora, na kwamba kipaji hicho kilelewe. Mama akalishika neno hilo.

Lakini moyo wa mama ulikuwa kwao. Mwaka 1935, Eric akiwa na miaka 6, familia ilirejea Stuttgart, Ujerumani, na wakati huo Hitler alikwisha shika madaraka. Katika shule ya huko mtoto alipewa kipande kidogo cha karatasi, penseli ngumu na rula, akaonywa asikosee. Fimbo nayo haikukawia. Akawa anauliza watarudi lini kwao, maana kwake yeye kwao ni Syracuse. Alipofahamu kwamba hawatarudi, aliazimia kuwa mjenzi wa madaraja: atajenga daraja kutoka Ujerumani hadi Marekani, amshike mkono bibi yake ampendaye, wavuke bahari pamoja.

Tumelifikiri sana daraja hilo. Mzazi huililia nchi aliyoiacha, na mtoto huililia nchi aliyoondolewa. Huenda wakaishi nyumba moja miaka mingi, kila mmoja akidhani kilio ni chake peke yake.

Faraja ya Eric ilikuwa baba yake. Walitembea pamoja msituni, na baba aliinua jiwe au kubandua gome la mti ili amwonyeshe vidudu waishio chini yake, akamweleza maisha yao, kisha akawarudisha taratibu mahali pao. Vita vilipoanza mwaka 1939 baba alichukuliwa jeshini, akaishia kuwa mfungwa wa Warusi. Hakurudi ila mwaka 1947, mgonjwa, amebaki na uzito usiofika kilo 40. Eric mwenyewe, akiwa na miaka 15, alipelekwa kuchimba mahandaki ya vita.

Katika kiza hicho alitokea mwalimu mwingine. Mwalimu wake wa sanaa, Bwana Krauss, alimwalika nyumbani kwake kwa siri, akamwonyesha nakala za picha za Picasso, Matisse, Klee na wengine ambao serikali ya Hitler iliwapiga marufuku. Kwa tendo hilo mwalimu angeweza kuangamia. Kijana alishtuka, kwani hajapata kuona rangi zikitumiwa kwa uhuru namna ile. Lakini hakusahau mpaka uzeeni.

Baada ya vita alisoma katika chuo cha sanaa cha Stuttgart, chini ya Profesa Ernst Schneidler, akahitimu mwaka 1950. Mwaka 1952 alirudi New York na dola 40 mfukoni. Alifanya kazi katika gazeti la New York Times, kisha katika matangazo ya biashara. Alikuwa akikaribia miaka 40 pale mwandishi Bill Martin Jr. alipoona tangazo lenye kamba mkubwa mwekundu wa baharini aliyemchora, akamwomba amchoree kitabu cha watoto. Kitabu hicho kilitoka mwaka 1967. Eric alipaka rangi karatasi nyembamba kwa mkono wake, akazikata na kuzibandika. Vidudu vilivyojaa vitabuni mwake ni vile alivyoonyeshwa na baba yake, na alikiri mwenyewe kwamba kwa vitabu hivyo alimuenzi.

Sisi tuliofundisha miaka mingi hatuna la kujivunia hapa. Tuliwahi kumchania mwanafunzi ukurasa alioujaza michoro wakati wa somo letu. Jina lake tunalikumbuka. Alichokichora hatukikumbuki, maana hatukukitazama.

Basi, mama mpendwa, jibu letu ni hili. Kwa bibi mpeleke, lakini akamjue bibi, si akanyooshwe. Hesabu aifanye, na michoro aitafutiwe daftari lake, tena lenye kurasa kubwa. Wapo miongoni mwetu wanaochelea kuchora viumbe wenye roho. Hao wawaulize masheikh wao, na majani na mashua yatamtosha mtoto wakati jibu linasubiriwa. Baba yake naye atoke naye Jumapili, wainue jiwe katika bustani ya karibu, waone alichoumba Mwenyezi Mungu chini yake. Na siku mtoto atakapouliza kwao ni wapi, msimkemee. Kaeni naye mlijibu swali hilo pamoja.

Tukutane mwezi ujao, Inshallah.